Maneno nayo ni wawili wawili

Sana. Kwa Mswahili ni neno la kukolezea: asante sana, pole sana. Mfini akilisikia, kwake ni "neno" lenyewe, na kamusi huiita sanakirja, yaani kitabu cha maneno. Mwarabu atasikia mwaka. Mturuki atasikia "kwako", kama anayekabidhiwa kitu. Mwindonesia atageuza shingo kutazama mbali, kwa kuwa kwake sana ni "kule". Mhispania atadhani unamsema mwanamke mwenye afya njema, au unatoa amri: ponya!

Lugha sita, koo sita, herufi nne zilezile. Tunasema duniani wawili wawili, kwamba kila mtu ana anayefanana naye mahali fulani bila hata kujuana. Maneno nayo yako hivyo, na yakiwa mafupi, huenda hata kumi kumi.

Kinachochosha ni pale mtu anapookota maneno matano ya Kiswahili yanayofanana na ya Kijapani au Kihawai, akatangaza kwamba lugha hizo ni ndugu, au mbaya zaidi, kwamba moja ndiyo mama wa nyingine. Orodha za namna hiyo husambaa haraka kwa sababu zinafurahisha. Kwangu mimi, neno la silabi mbili peke yake halina thamani yoyote kama ushahidi wa udugu wa lugha. Yoyote kabisa, hata sauti na maana vikilingana.

Piga hesabu. Chukua lugha yenye konsonanti 20 na irabu 5, na kila silabi iwe konsonanti moja na irabu moja. Silabi zinazowezekana ni 100. Maumbo ya silabi mbili ni 100 mara 100, yaani 10,000. Sasa weka lugha mbili zisizojuana, kila moja ikiwa na maneno 1,000 ya umbo hilo. Kwa bahati tupu, yatagongana maneno 100 hivi. Panda hadi silabi tatu: maumbo yanafika 1,000,000, na hata kila lugha ikiwa na maneno 3,000 ya aina hiyo, yatakayogongana ni 9. Ndiyo sababu orodha za maajabu hujaa maneno kama sana na kana, wala huoni humo neno lenye urefu wa "kizunguzungu".

Hali halisi inazidi hesabu hiyo, kwa sababu lugha hazigawi sauti zake sawasawa. M, n, k, t na s, pamoja na irabu a, zinapendwa karibu kila mahali. Isitoshe, lugha zinazoonekana zaidi kwenye orodha hizi, yaani Kijapani, Kihawai, Kifini na Kiindonesia, hupenda silabi zinazoishia na irabu kama zetu. Hata mkazo unashirikiana na bahati. Kifini huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza, Kiswahili kwenye ya pili kutoka mwisho. Neno likiwa na silabi mbili, hapo ni mahali pamoja, kwa hiyo sana ya Mfini na yetu zinaingia sikioni karibu sawa. Ongeza silabi ya tatu uone zinavyoachana.

Sauti na maana kugongana kwa pamoja ni nadra zaidi, ila hakuna muujiza. Kwa mfano uleule, neno moja lina nafasi 1 kati ya 10,000 ya kukuta umbo lake limebeba maana ileile katika lugha nyingine. Ukilinganisha maneno 1,000, tegemea mgongano mmoja katika kila lugha kumi. Dunia ina lugha kama 7,000, kwa hiyo mwenye subira ataokota mamia. Mfano maarufu ni Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa kaskazini mwa Queensland, Australia, iliyochunguzwa na mwanaisimu R. M. W. Dixon. Mbwa kwa lugha hiyo ni dog, sawasawa na Kiingereza. Ukitazama jirani zake unaelewa kilichotokea: Kiyidiny kinasema gudaga, Kidyirbal guda. Kimbabaram kilidondosha silabi ya kichwani na irabu ya mkiani, kilichobaki kikajikuta kimevaa nguo ya Kiingereza. Jicho nalo kwa Kigiriki cha leo ni mati, kwa Kiindonesia ni mata. Unaweza kushikwa na kiwewe mpaka uambiwe kwamba mati ni mabaki ya ommation ya Kigiriki cha kale.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, rudisha kila neno nyuma kadiri kumbukumbu zinavyoruhusu. Raha kwetu imetoka Kiarabu, ikiwa na maana ya kupumzika. Raha kwa Wafini ni pesa, lakini zamani ilikuwa ngozi ya mnyama yenye manyoya, enzi ngozi zilipotumika kulipia vitu. Anayesema Wafini waliona raha iko kwenye pesa ana utani mzuri na etimolojia, yaani historia ya asili ya neno, iliyo mbovu.

Halafu fungua neno uone lina vipande vingapi. Hapa ndipo wengi huanguka, na mfano wake mzuri ni hana. Kikorea: moja. Kihawai: kazi. Kijapani: ua la mmea, na pia pua. Kiswahili? Hana kwetu ni sentensi nzima. Kuna ha ya kukanusha, a ya nafsi ya tatu, na "na" ya kuwa na kitu. A mbili zimemezana ikabaki moja. Kuilinganisha na "moja" ya Kikorea ni sawa na kulinganisha nyumba na tofali. Tena hiyo ya Kikorea yenyewe haitulii: ikikaa mbele ya nomino inakuwa han. Na Mjapani wa Tokyo hatakubali kwamba ua na pua ni neno moja. Ukiyatamka peke yake hayaachani, lakini bandika kijineno ga nyuma yake: kwenye ua sauti inashuka ikifika ga, kwenye pua inabaki juu. Herufi zetu za Kilatini zimekifuta kitu ambacho sikio lake linakisikia.

Urefu wa sauti nao unafutika hivyohivyo machoni mwa asiyejua. Mswahili husema kimya tuli. Tuli kwa Kiindonesia ni kiziwi (hapo msaka maajabu tayari ameshatoa kalamu). Kwa Kifini tuli ni moto, tena ni "alikuja". Vuta irabu, tuuli, unapata upepo. Kaza konsonanti, tulli, uko forodhani. Kiyoruba kinakwenda mbali zaidi kwa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti: ọkọ ni mume, ọkọ́ ni jembe, ọkọ̀ ni chombo cha kusafiria, ọ̀kọ̀ ni mkuki. Anayenakili maneno hayo bila alama zake, kisha akasema amepata neno linalofanana na la kwao, amefananisha kivuli.

Maneno ya mkopo yanahitaji jicho lake. Wiki yetu ni Kiingereza kilichoongezewa irabu mwishoni. Wiki ya Kihawai ni "haraka". Mwaka 1995 mtaalamu wa programu Ward Cunningham alipotengeneza tovuti ambayo msomaji yeyote angeweza kuihariri, aliiita WikiWikiWeb, akikumbuka basi la Wiki Wiki la uwanja wa ndege wa Honolulu. Wikipedia ya 2001 ikarithi jina, kwa hiyo ukiisoma kwa Kiswahili usitafute siku saba humo. Kihawai nacho kimekopa kwa Waingereza: hapa, yaani nusu, ni half iliyonyang'anywa f kwa sababu Kihawai hakina sauti hiyo, ikavishwa irabu ili iweze kutembea. Hapa yetu ni ya Kibantu tangu enzi na enzi.

Sasa udugu wa kweli unaonekanaje? Linganisha maneno ya Kiarabu, mengi yameshaingia kwetu, na ya Kiebrania: saba ni sheva, salamu ni shalom, sana ile ya mwaka ni shana, lisani, yaani ulimi, ni lashon, sama ya mbinguni ni shamayim, na rasi, ambayo kwa Kiarabu ni kichwa, ni rosh. Kiarabu kikiweka s, Kiebrania kinaweka sh, tena na tena, katika maneno ya kila siku. Ushahidi uko kwenye kule kurudiarudia kwa tofauti ileile. Ndugu wa kweli wanaweza hata wasifanane kabisa: mbili kwa Kiarmenia ni erku na kwa Kilatini ni duo, na wanaisimu wanayatoa kwenye mzizi mmoja kwa kanuni zinazoshika maneno mengine pia. Kiswahili kinaingia kwenye ile orodha ya saba na salamu kwa mlango wa mkopo tu. Ukitaka kuthibitisha, hesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano ni za Kibantu, sita na saba ni za kukopa, nane tunarudi nyumbani.

Kundi moja litolewe kabisa kwenye ulinganishi, nalo ni maneno ya watoto wachanga. Mwanaanthropolojia George Peter Murdock alikusanya maneno 1,072 ya mama na baba kutoka lugha nyingi, na mwanaisimu Roman Jakobson akaandika mwaka 1960 kwa nini yanafanana: mtoto anaanza na sauti za midomo, na ule mguno wa puani anaoutoa akinyonya unazaa m. Wazazi ndio wanaoamua nani ameitwa. Wageorgia wameamua mama ni baba, na mama mzazi ni deda. Baba ni baba kwa Waturuki na Wachina, lakini kwa Warusi ni mwanamke, hasa mzee, na kwa Wajapani ni bibi kizee. Sauti za wanyama nazo ziende hukohuko. Ila kuku wa Kijapani nitamtetea. Huyo ni jedwali la kuzidisha, kwa kuwa ku ni tisa na zamani jedwali lilianzia tisa mara tisa.

Kwenye matumizi, neno fupi linauma kuliko refu. Ne kwa Mcheki ni hapana, kwa Mkorea ni ndiyo, kwa Mturuki ni "nini". Tafsiri za mashine hubahatisha zikipewa neno moja kama sana, maana halina dalili za kutosha kutambua lugha. Chagua lugha kwa mkono au liweke ndani ya sentensi ya maneno matano au sita.

Anayebuni jina la bidhaa au programu ana kazi kubwa zaidi. Kamusi rasmi hazimtoshi, kwa kuwa matusi huwa hayamo. Atafute wazungumzaji wawili kwa kila lugha ya soko lake, wa rika tofauti, na kwa lugha kama Kireno awapate wa Ureno na wa Brazili. Awasomee jina bila kuwaonyesha, kisha awaonyeshe bila kuwasomea, kwa maana c na k huachana machoni huku masikioni ni kitu kimoja. Kona kwetu ni pembe ya barabara, kwa Wahawai ni upande uliokingwa na upepo, na Hyundai waliliweka jina hilo kwenye gari. Kwa Mreno, sauti hiyo ni tusi la sehemu za siri za mwanamke. Ureno gari hilo linauzwa kwa jina la Kauai.