Kupandisha kasi ya kadi ya michoro: faida iliyobaki na hatari isiyoonekana

Mwaka 2016 kampuni ya AMD ilitoa kadi ya michoro (kifaa cha kompyuta kinachochora picha za kwenye skrini) ya Radeon RX 480, kasi yake ya juu ikiwa megahezi 1266 na matumizi ya umeme yakitajwa kuwa wati 150. Aprili 2017 ikafuata RX 580. Chipu ilikuwa ya familia ileile ya Polaris, yenye viini 2304 vilevile vya kufanyia hesabu, ila sasa ilikimbia kwa megahezi 1340 na kutajwa kula wati 185. Ukipiga hesabu, kasi iliongezeka kwa asilimia 6 hivi, umeme ukaongezeka kwa asilimia 23. Kiwanda chenyewe kilifanya kile ambacho wachezaji gemu wengi hukifanya nyumbani, na gharama yake imeandikwa wazi kwenye karatasi za vipimo.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu mabishano kuhusu kuovakloki, yaani kuikimbiza kadi kupita kasi iliyopangiwa kiwandani, yana kambi mbili zisizosikilizana. Wa upande mmoja wanaonya kwamba ukigusa tu mipangilio, kadi imeungua. Wa upande wa pili wanaiita kasi ya bure, na anayeiacha wanamwona mwoga. Mimi naona kadi haifi kirahisi kama wanavyodai wa kwanza, na kasi hiyo haijawahi kuwa bure kama wanavyodai wa pili. Swali linalostahili kuulizwa ni kama hesabu zinazotoka kwenye kadi iliyopandishwa bado ni sahihi, na kama hewa ya chumba chako inaweza kuubeba moto unaotoka kwenye kadi.

Hesabu ya RX 580 haikuwa bahati mbaya. Umeme unaoliwa na chipu hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volti. Chipu ikifika mahali ambapo haiwezi kukimbia zaidi bila kuongezewa volti, kila megahezi mpya inakuwa ghali kuliko iliyotangulia. Tena chipu hazilingani. Mbili zilizokatwa kutoka sahani moja ya silikoni zinaweza kutofautiana: moja inatulia kwenye volti ndogo, nyingine inataka zaidi. Kiwanda hakina nafasi ya kumpimia kila mteja kadi yake, kwa hiyo kinaweka volti itakayoifaa hata ile dhaifu. Nafasi hiyo ya akiba ndiyo anayoichezea anayepandisha kasi.

Zamani nafasi hiyo ilikuwa kubwa kwelikweli, na wanaotetea kazi hii wana haki ya kuikumbuka. Radeon HD 7950 ilitoka Januari 2012 ikiwa na megahezi 800, na nyingi zilivuka 1000 bila shida kubwa. Hiyo ni robo nzima ya kasi. Mwaka 2014 zikaja GTX 970 na GTX 980 za NVIDIA, mshindani wa AMD, nazo zikawa maarufu kwa kukubali kupandishwa. Kwa mwanafunzi aliyejibana miezi mingi hadi akanunua kadi ya daraja la kati, kupata nguvu iliyokaribia kadi ya daraja la juu ilikuwa ni pesa halisi iliyobaki mfukoni. Sikubaliani na anayedharau jambo hilo.

Lakini kadi zimebadilika. Machi 2012 NVIDIA ilileta GTX 680 ikiwa na mfumo iliouita GPU Boost: kadi inajipima joto na umeme, na ikiona kuna nafasi inajipandisha yenyewe. Kufikia 2016, kadi za GTX za mfululizo wa 10 zilikuwa na mchoro kamili unaoonyesha kila kiwango cha volti na kasi yake. Ina maana kadi unayoitoa kwenye boksi leo imeshajipandisha kabla hujaigusa. Kilichobaki kwako mara nyingi ni asilimia 5, pengine 8 ukiwa na bahati. Gemu iliyokuwa ikikupa fremu (picha) 60 kwa sekunde sasa itakupa 63 au 64, tofauti ambayo jicho haliioni. Anayepiga soga za vipimo na wenzake ataifurahia, na sioni ubaya. Anayetarajia gemu iliyokuwa nzito iwe nyepesi hataipata hapa. Afadhali ashushe vivuli ngazi moja kwenye mipangilio ya gemu.

Sasa hofu ya kuunguza. Kadi ya kisasa ina vizuizi vitatu: kikomo cha joto, kikomo cha umeme na kikomo cha volti. Programu kama Afterburner ya MSI inakuruhusu kusogeza vitelezi ndani ya mipaka ambayo mtengenezaji ameifunga kwenye BIOS ya kadi, yaani programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya kadi yenyewe. Ukizidisha kasi, kadi hugoma: skrini inajaa vidoadoa au inazima sekunde mbili, draiva (programu inayoiendesha kadi) inajiwasha upya, gemu inajifunga. Unarudisha kitelezi, maisha yanaendelea. Hatari ya kweli ya kuua kadi inaanza pale mtu anapovunja kufuli zenyewe, kwa kuiandikia kadi BIOS ya kadi nyingine au kutia waya kwenye bodi ili kuidanganya inavyopima umeme. Hayo ni mambo ya kuwaachia wenye kadi za kutupa.

Tena tukitazama kadi zilizokufa kwa kishindo miaka ya karibuni, chanzo kilikuwa kingine. Julai 2021, wakati wa majaribio ya gemu ya New World ya Amazon, kadi kadhaa za RTX 3090 zilikufa. EVGA, mmoja wa watengenezaji wake, ilizichunguza za kwake na kueleza kwamba tatizo lilikuwa lehemu mbovu kwenye bodi. Oktoba 2022 zikaanza habari za plagi za umeme za RTX 4090 kuyeyuka, hata kwa watu waliokuwa kwenye mipangilio ya kiwandani, na NVIDIA ikasema sababu kuu iliyoiona ni plagi ambayo haikusukumwa hadi mwisho. Hapo mwenye kupandisha kasi ana la kujifunza: plagi hiyo imepangiwa hadi wati 600, na kwa volti 12 hizo ni ampea 50 zinazopita kwenye pini sita, zaidi ya ampea 8 kila moja. Ukiongeza kikomo cha umeme kwenye kadi kama hiyo ya wati 450, unaongeza mzigo hapohapo penye udhaifu.

Upande wa memori, kadi nyingi zenye memori ya aina ya GDDR5 na matoleo ya baadaye zina namna ya kugundua data ikiharibika njiani na kuituma upya. Ni kinga nzuri, lakini inamdanganya mtumiaji. Unaongeza megahezi 500 kwenye memori, huoni vidoadoa, gemu haijifungi, unaamini umefaulu. Kumbe kadi inatumia muda wake kurudia kutuma data iliyoharibika, na fremu zimepungua kuliko zilivyokuwa kabla hujaongeza zile 100 za mwisho. Ndiyo maana memori hupimwa kwa alama za programu ya vipimo: ongeza kidogo, pima, andika, alama zikiacha kupanda au zikianza kushuka, rudi nyuma hatua mbili.

Ndani ya chipu yenyewe hali ni ngumu zaidi, kwa sababu kadi za kawaida hazina mlinzi kama huyo wa kukagua kila hesabu. Kwenye gemu, kosa moja ni nukta yenye rangi isiyo yake katika fremu moja kati ya maelfu, nani ataiona? Lakini siku hizi kadi hizihizi zinafanya kazi za kulipwa. Kuna anayechora majengo ya wateja kwa Blender (programu ya michoro ya 3D), anayehariri video za harusi, anayefundisha modeli ya akili bandia usiku kucha. Kwake yeye kosa dogo linaweza kukaa ndani ya faili bila kupiga kelele. Naona hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya kupandisha kasi, na ndiyo isiyotajwa sana. Kama kadi yako inakuletea ugali, iache kwenye kasi yake ya kiwandani.

Kwa sisi wa mwambao kuna jambo jingine. Kadi haipoi kuliko hewa inayoizunguka. Vipimo vingi tunavyovitazama kwenye video vimefanywa kwenye vyumba vya nyuzi 21 au 22. Chumba cha Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wakati wa kaskazi, bila kiyoyozi, kinafika nyuzi 32 bila taabu. Kadi iliyosomeka nyuzi 70 kule itakaribia 80 hapa kwa mzigo uleule, na kadi za NVIDIA huanza kujipunguza kasi kwa vipande vidogo vya megahezi 13 au 15 mapema kabla ya kufika kikomo chake. Kwa hiyo mipangilio ya kunakili kutoka kwa mtu wa Ujerumani inaweza kukupa kasi ndogo kuliko uliyokuwa nayo. Ongeza vumbi, hewa ya chumvi, na umeme unaoyumba: pawasaplai (kifaa kinachoigawia kompyuta umeme) iliyokuwa karibu na kikomo chake ndiyo ya kwanza kuzimika volti za ukutani zikishuka. Gharama ya umeme, kwa haki, si kubwa. Wati 35 za ziada kwa saa 5 kila siku ni uniti 5 na kidogo kwa mwezi. Kinachosumbua ni ule moto, maana wote unabaki chumbani ulimokaa.

Ndiyo sababu mimi naegemea njia ya tatu, kupunguza volti. Unafungua ule mchoro wa volti na kasi katika Afterburner, unachagua nukta ya milivolti 900, unaipandisha hadi kasi ambayo kadi yako ilikuwa ikiifikia kwa milivolti 1050, kisha unalaza nukta zote zilizo mbele yake ziwe mstari mmoja. Kwa ile kanuni ya mraba, kasi ikibaki palepale, umeme wa chipu unashuka kwa zaidi ya robo. Si kila chipu itakubali 900. Nyingine zitataka 925 au 950. Wenye Radeon wana kitelezi cha volti ndani ya programu ya AMD yenyewe, ambayo kabla ya kukuruhusu inakuonya kwamba madhara ya kuvuka vipimo yanaweza kutolipiwa na waranti. Isome hiyo kabla ya kubonyeza. Kadi isiyofika joto la kujipunguzia hushikilia kasi yake muda wote, na mara nyingi kwenye joto letu hiyo peke yake inaipita ile iliyopandishwa kwa nguvu.

Anayetaka kupandisha bado aanze na feni na kikomo cha umeme. Kasi ya chipu apande kwa megahezi 25 kila mara, na kila hatua acheze gemu zake mwenyewe nusu saa au zaidi, kwa kuwa kipimo kimoja cha dakika tatu hakitoshi kuifikisha kadi kwenye joto lake la kweli. Memori aishughulikie peke yake, chipu ikiwa imerudishwa kawaida, ili ajue kosa limetoka wapi. Na asiweke alama ya kutaka mipangilio ijiwashe pamoja na Windows hadi kadi imetulia siku kadhaa, la sivyo kompyuta inaweza kuganda kila anapoiwasha.

Kadi za mtumba zina hadithi yake. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha uchimbaji, yaani kuzalishwa kwa hesabu za kadi za michoro, tarehe 15 Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikikesha kazini ziliingia sokoni, na za RX 570 na RX 580 mara nyingi zilikuwa zimebadilishwa BIOS ili memori ikimbie kwa mpangilio wa kuchimba. Ukinunua ya aina hiyo, linganisha kwanza BIOS yake na ile ya asili ya modeli hiyohiyo, na urudishe ya asili kabla ya kupima chochote. Baadhi ya kadi zina swichi ndogo ya BIOS pembeni, upande mmoja ukiwa wa akiba. Badilisha pesti ya joto (ile inayopakwa kati ya chipu na kipoozaji), kagua feni kama zinazunguka bila kukwaruza, kisha ipunguze volti na uiache hapo. Memori iliyokimbizwa mchana na usiku kwa miaka miwili sioni sababu ya kuiongezea hata megahezi moja.