Kihispania Tukisome kwa Kiswahili Chetu

Nilijifunza Kihispania kwa vitabu vya Kiingereza, na leo naamini nilizungushwa bure. Katika kulinganisha na kueleza hisia, mzungumzaji wa Kiswahili ana njia ya mkato ambayo walimu wetu hawatuonyeshi.

Tazama kulinganisha. Ana es más alta que Luis: Ana ni mrefu kuliko Luis. Ikija idadi, que huondoka na de huingia: más de diez personas. Nilikariri kanuni hiyo wiki nzima, kumbe nilizaliwa nayo! Sisi husema watu zaidi ya kumi; hakuna asemaye watu kuliko kumi. Hata ile de lo que inayowatisha wengi, kama katika más difícil de lo que pensaba, ni -vyo- yetu: ngumu kuliko nilivyodhani. Tanto, tanta, tantos na tantas, yaani -ingi kiasi hicho, zinazobadilika kufuata nomino, hazinisumbui, maana aliyekua akisema vitabu vingi na miti mingi haogopi upatanisho.

Hisia nazo ni hivyo hivyo. Tengo miedo ni nina hofu. Me da miedo ni inanitia hofu. Me entristece ni inanisikitisha, na ile me imekaa mbele ya kitenzi kama -ni- yetu.

Penye ugumu wa kweli ni kwenye subjuntivo, yaani umbo la kitenzi linalofuata maneno kama ya kutaka au ya hisia, na hapa ndipo ningependa walimu wakae muda mrefu. Quiero que vengas haina shida: nataka uje, kitenzi kimebadilika kiishio kama chetu. Lakini katika nafurahi kwamba unakuja, kitenzi hakibadiliki kwetu, ilhali Mhispania husema me alegra que vengas, wala hasemi vienes. Kwa nini, na safari ni ya hakika? Kwa sababu hatangazi safari. Safari inajulikana tayari. Anachotangaza ni furaha yake. Akisema creo que vienes, naamini unakuja, hapo anatoa habari, na kitenzi hurudi katika hali ya kawaida. Na mwenye furaha akiwa ndiye mtendaji, que, ambayo hapa ni kwamba yetu, haihitajiki kabisa: me alegra estar aquí, nafurahi kuwa hapa.

Siku moja niliandika me alegra que es más fácil de lo que pensaba, nafurahi kwamba ni rahisi kuliko nilivyodhani. Ulinganisho wote ulikuwa sawa, bila kufikiri. Kosa lilikuwa moja tu, es badala ya sea, subjuntivo yake, na ndilo nililolifanyia mazoezi mengi kuliko yote.