Sweta la H&M: ghadhabu ilikuwa ya haki, lakini ilimwangukia nani?

Mwanzoni mwa Januari 2018, duka la mtandaoni la kampuni ya nguo ya H&M nchini Uingereza lilionyesha picha ya mtoto mweusi aliyevaa sweta la kijani lenye kofia. Kifuani mwake yaliandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "tumbili mtanashati kuliko wote msituni". Katika toleo hilohilo la nguo za watoto kulikuwa na sweta jingine, lililovaliwa na mtoto mzungu, ambalo maandishi yake yalimsifu mvaaji kuwa bingwa wa kujinusuru katika msitu wa mikoko. Pengine kila picha ingepita bila kelele kama ingetazamwa peke yake, lakini zilipowekwa sambamba zilionekana kugawa majukumu kwa utaratibu ambao Waafrika wameuzoea mno: mmoja ni mnyama wa msituni, mwingine ni mtaalamu anayeumudu msitu huo.

Katika muda mfupi picha hiyo ilizunguka dunia. Mwanamuziki The Weeknd, aliyekuwa na mkataba wa mavazi na H&M, alitangaza kwamba hatafanya tena kazi na kampuni hiyo, na mwanamuziki wa rap G-Eazy akafuata. Mchezaji wa mpira wa kikapu LeBron James alisambaza nakala ya picha iliyobadilishwa ili mtoto aonekane amevikwa taji. H&M ilianza kwa kuondoa picha na kumwomba radhi yeyote aliyekwazika, na shinikizo lilipozidi ikaliondoa sokoni hata sweta lenyewe na kusema kwamba inajutia picha pamoja na maandishi.

Utetezi wa kwanza uliotolewa kwa niaba ya kampuni ulihusu nia. Kampuni ya Sweden inayouza nguo katika nchi nyingi hupiga picha maelfu ya mavazi, na mtoto mmoja huvalishwa nguo nyingi katika kikao kimoja. Si rahisi kuamini kwamba mtu aliketi ofisini Stockholm akapanga kumtukana mtoto ambaye sura yake ndiyo iliyotakiwa kuuza bidhaa. Mimi pia siamini hivyo. Lakini swali la nia halitufikishi mbali. Mwaka 1989 kampuni ya nguo ya Italia, Benetton, ilitoa tangazo la mwanamke mweusi akimnyonyesha mtoto mzungu, picha iliyopigwa na Oliviero Toscani, na hapo nia ilikuwa wazi kabisa, yaani kuonyesha umoja wa binadamu. Hata hivyo Wamarekani weusi wengi waliiona taswira ya mama wa kitumwa aliyelazimishwa kumnyonyesha mtoto wa bwana wake. Nia njema haikuifuta historia iliyokuwa ndani ya picha, na iwapo haikuweza kufanya hivyo, kutokuwa na nia yoyote hakuwezi kuwa ngao imara zaidi.

Utetezi wa pili ni mzito zaidi, kwa sababu ulitoka kwa mtu ambaye hakuna aliyetarajia auseme. Mama wa mtoto huyo, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiishi Sweden, aliandika kwamba watu waache kulalamika kila mara. Alieleza kuwa yeye mwenyewe huhudhuria vikao vya kupiga picha na kwamba sweta lile lilikuwa moja tu kati ya mamia ya nguo alizowahi kuvaa mwanawe. Baadaye alisema anaheshimu maoni ya wengine, lakini hayo ndiyo yalikuwa maoni yake. Walioghadhibika walimjibu kwa haraka kwamba amenunuliwa, amepotea, au hajui analolisema. Nadhani walikosea kumpuuza namna hiyo. Mtu aliyekulia Afrika Mashariki, mahali ambapo mtoto mtundu anayepanda kila mti huweza kuitwa tumbili na bibi yake mwenyewe bila mtu kununa, hana sababu ya kulisoma sweta lile kama anavyolisoma mtu aliyezaliwa Alabama au Soweto. Ukoloni ulituachia majeraha yetu, lakini hayako mahali palepale kila nchi, na anayedai kwamba Waafrika wote lazima waumie kwa kitu kilekile kwa kiwango kilekile naye ametuweka katika fungu moja lisilo na sura.

Hata hivyo, maoni ya mama huyo yanatueleza jinsi yeye na familia yake walivyoliona sweta. Hayawezi kueleza jinsi tangazo lilivyofanya kazi duniani. Kumfananisha mtu mweusi na jamii ya nyani si kejeli ya juzi. Mwaka 1906, Ota Benga, kijana aliyetolewa Kongo, aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, na watu wakafurika kumtazama. Hadi leo wachezaji weusi wa mpira wa miguu hutupiwa ndizi viwanjani Ulaya na kupokewa kwa milio ya nyani. Kampuni inayochagua kuandika kwa Kiingereza kwa sababu lugha hiyo inamfikia mnunuzi wa London, wa New York na wa Johannesburg kwa mkupuo mmoja haiwezi kupokea faida ya ueneaji huo huku ikidai kwamba haifahamu matusi yaliyosafiri na lugha hiyohiyo. Hapo ndipo ninapoona kosa la H&M: palikuwa na mbunifu, mpiga picha, mhariri na mtu wa tovuti, na ama hakuna hata mmoja wao aliyeliona tatizo, ama aliyeliona hakuwa na mamlaka ya kusema "subirini".

Afrika Kusini ndiko ghadhabu ilikopanda kupita kiasi, na ilikuwa na sababu zake. H&M ilifungua maduka yake ya kwanza huko mwaka 2015, na kabla mwaka huo haujaisha ilikuwa imeingia matatani: mteja alipouliza kwa nini matangazo yake yana weusi wachache, majibu ya kampuni yalieleweka kuwa yanasema wanamitindo weupe ndio wanaoleta taswira chanya, ikalazimika kuomba radhi. Kisha mwanzoni mwa 2016, mwanamke mmoja mzungu wa KwaZulu-Natal aliwaita weusi waliokwenda ufukweni nyani, na mahakama ya usawa ikamwamuru alipe randi 150,000. Kwa hiyo sweta la 2018 lilitua juu ya kidonda ambacho hakikuwa kimefunga.

Tarehe 13 Januari 2018, wafuasi wa chama cha Economic Freedom Fighters waliingia katika maduka kadhaa ya H&M mkoani Gauteng, wakaangusha rafu za nguo na kuharibu vitu. Katika duka moja kubwa la mashariki ya Johannesburg polisi walifyatua risasi za mpira. Kampuni ilifunga kwa muda maduka yake yote nchini humo, na Julius Malema, kiongozi wa chama hicho, akasema hakitaomba radhi. Wanaomuunga mkono husema, na wana hoja, kwamba barua za malalamiko hazikuwahi kuishtua kampuni kama kioo kilichovunjika kinavyoishtua. Ila muuzaji aliyelazimika kukimbilia stoo siku hiyo, ambaye katika maduka ya Gauteng kwa kawaida ni kijana mweusi anayelipwa kidogo, hakuchagua maandishi ya sweta lolote. Aliyechagua alikuwa ng'ambo, na hakuna rafu iliyomwangukia.

Familia ya mtoto nayo haikusalimika. Mama yake alisema walilazimika kuhama nyumba yao Stockholm kwa sababu za usalama. Jambo hili hunishangaza kuliko yote katika kisa kizima, kwamba watu waliodai kutetea utu wa mtoto mweusi waliendelea kuisambaza picha yake hata baada ya kampuni kuiondoa, na wengine wakamtukana mama yake kwa sababu hakukubali kuwa na hasira kwa niaba yao. (Kwetu Afrika Mashariki, ambako wengi huijua H&M kwa lebo inayochungulia katika robota la mitumba, wito wa kuisusia kampuni ulikuwa na uzito mdogo; tungesusia nini, nguo ambayo Mzungu ameshaitupa?)

Je, ghadhabu ilibadilisha kitu? Ndani ya muda mfupi H&M ilimteua Annie Wu, mfanyakazi wake wa siku nyingi, kuongoza masuala ya uwakilishi wa watu wa asili mbalimbali. Lakini kampuni nyingine za mavazi hazikuonekana kujifunza kwa jirani. Desemba 2018 Prada iliondoa vinyago vyeusi vyenye midomo mikubwa myekundu vilivyokuwa katika dirisha la duka lake New York, na Februari 2019 Gucci ikaondoa sweta jeusi lililofunika nusu ya uso na kuacha tundu lililozungukwa na midomo myekundu. Kila mara mzunguko ulikuwa uleule wa picha, kelele, radhi na kuondolewa kwa bidhaa.

Kisa cha Prada, hata hivyo, hakikuishia kwenye radhi. Malalamiko yalifikishwa kwa tume ya haki za binadamu ya jiji la New York, na Februari 2020 kampuni ikakubaliana na tume hiyo kuwapa mafunzo wafanyakazi wake wa New York pamoja na wakuu wake wa Milan, na kuajiri afisa ambaye miongoni mwa kazi zake ni kuzikagua bidhaa kabla hazijauzwa wala kutangazwa Marekani. Cheo cha H&M kilibuniwa na kampuni yenyewe, ikajipangia majukumu yake; kile cha Prada kilitokana na makubaliano yenye upande wa pili unaoweza kuuliza kama kazi imefanyika. Na mtu aliyepewa haki ya kulitazama sweta kabla halijafika dukani ndiye hasa aliyekosekana katika mnyororo wa H&M Januari ile.