Mafunzo ya dharura yaanzie getini

Kila mafunzo ya kupokea majeruhi wengi yanapoandaliwa hapa Goma, mashariki mwa Kongo, wanaoitwa ni madaktari na wauguzi. Sipingi. Ujuzi wa kupasua jeraha la risasi umeokoa wengi katika mji huu. Ila mlinzi wa getini hatumwiti, na yeye ndiye anayewapokea kwanza.

Tarehe 3 Mei 2024, mabomu yalipoanguka kwenye kambi za wakimbizi wa vita za Lac Vert na Mugunga, na tena mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, majeruhi walifurika hospitalini kwa mkupuo. Katika hospitali ya Ndosho vitanda havikutosha, watu wakalazwa chini. Siku kama hizo, wanaotangulia mara nyingi ni wenye majeraha mepesi, maana wanaweza kutembea au kupanda pikipiki. Wanajaza nafasi. Aliyepigwa tumboni analetwa nyuma yao na kukuta pamejaa.

Ndiyo maana kutenganisha wagonjwa kwa rangi lazima kuanze nje: nyekundu kwa asiyeweza kungoja, njano kwa anayeweza kusubiri kidogo, kijani kwa anayetembea. (Nyeusi, ya aliyekufa au asiyetarajiwa kupona, ndiyo inayomtesa muuguzi, na picha ya ukutani ya rangi hizi haimwandai kwa hilo.) Sasa, getini kuna nani? Mlinzi, mfagiaji, wamotari, yaani waendesha pikipiki, wenye damu kwenye nguo, na ndugu wanaotaka kuingia wote. Asipojua mlinzi afungue njia ipi, rangi zote hizo ni bure.

Nataka mazoezi yafanyike usiku, umeme ukiwa umezimwa. Januari ile maji na umeme vilikatika majeruhi wakiwa bado wanaletwa. Wamotari wafundishwe kukandamiza jeraha kwa kitambaa, maana mtu anaweza kuishiwa damu njiani kabla hajamwona daktari. Na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni daftari tu: jina, na kama mgonjwa hasemi, namba na mahali alipookotwa. Mama anayemtafuta mtu wake, aliyekimbia vita kutoka vijiji vya Masisi, hana simu yenye salio la kuulizia hospitali zote.

Tena kambi nyingi zilivunjwa Februari 2025. Wakimbizi waliobaki mjini walihamia makanisani, mashuleni na kwa jamaa, mitaa yote. Basi wafadhili wasiishie kwenye hospitali kubwa. Vituo vya afya vya mitaani navyo vifanye zoezi hilohilo, viwe na bandeji na dripu za kutosha, ili wenye kijani watibiwe huko na meza ya upasuaji ibaki kwa wenye nyekundu.