Tuonyeshe na mikono inayomshika mtoto

Kuna picha ya kichanga ambayo karibu kila mzazi mtarajiwa ameshaiona. Mtoto amelala usingizi mzito, viwiko viko chini, viganja vimeshika mashavu, na kichwa kimetulia juu ya mikono yake mwenyewe kama mtu mzima anayewaza jambo. Sisi wapiga picha tunauita mkao wa chura. Ni picha nzuri, sikatai. Lakini mtoto wa siku nane hawezi kukaa hivyo. Shingo yake haina nguvu ya kuhimili kichwa, na vile vifundo vya mikono haviwezi kubeba uzito huo hata kwa sekunde chache.

Inavyopigwa ni hivi. Msaidizi anapiga magoti kando ya godoro na kushika kichwa cha mtoto kwa juu, kwa ncha za vidole, bila kukandamiza. Picha ya kwanza inapigwa. Kisha mkono mmoja unashuka taratibu na kushika vifundo vya mikono ya mtoto pamoja na kidevu, na ule wa juu hauachii mpaka wa chini uwe umekamata barabara. Picha ya pili inapigwa. Baadaye, kwenye kompyuta, mpiga picha anachukua nusu ya chini ya picha ya kwanza na nusu ya juu ya picha ya pili, anaziunganisha, na mikono ya msaidizi inatoweka. Tangu mwanzo mpaka mwisho mtoto hakuachiwa hata mara moja.

Tunachokibandika mtandaoni ni ile iliyokwisha kusafishwa tu, tena bila neno la maelezo, na hapo ndipo ninapoona tunakosea kama fani. Anaiona kijana aliyenunua kamera juzi na anatafuta wateja wake wa kwanza. Anaiona baba ambaye simu yake inapiga picha safi kuliko kamera nyingi za zamani. Wote wanadhani kazi ni kumpanga mtoto vizuri, kuachia haraka na kubonyeza. Ni hivyo hivyo kwa yule kichanga anayeonekana ananing'inia ndani ya kitambaa kwenye tawi la mti. Ikipigwa inavyotakiwa, mtoto alikuwa amelala juu ya godoro, na tawi likaongezwa baadaye. Anayeiga bila kujua hilo atafunga kitambaa kwenye tawi kweli.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mpiga picha yeyote anayetangaza kazi yake kwa picha ya namna hii aweke kando yake ile ambayo haijasafishwa, mikono ikionekana. Nimesikia wenzangu wakisema tutaharibu uzuri wa picha na kuwapa washindani siri ya kazi. Sikubaliani nao. Kuunganisha picha mbili kunafundishwa kila mahali, si siri tena. Na mzazi akiona mkono wa mtu umeshika kichwa cha kichanga, imani yake kwako inaongezeka.

Kinachonifanya nisisitize hivi ni pumzi. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa karibuni ni karibu robo ya urefu wake wote, na njia yake ya hewa ni nyembamba na laini. Kidevu kikiinamia kifuani, njia hiyo hujikunja na hewa ikapungua. Mtu akipaliwa na tonge atakohoa, atahangaika, watu watamkimbilia. Kichanga aliyekunjwa shingo anaweza asitoe sauti yoyote. Anaonekana amelala fofofo, na mpiga picha anafurahi kwamba hatimaye ametulia. Ndiyo maana mimi sitazami uso peke yake, natazama kifua kikipanda na kushuka, na nahakikisha kidole kinapita kati ya kidevu na kifua. Pua nayo isiguswe na kitambaa wala manyoya ya zulia, maana kichanga hupumua zaidi kwa pua.

Joto pia linawachanganya wengi. Kichanga hana uwezo wa kutetemeka ili ajipashe joto kama sisi, na joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Akivuliwa nguo anapoa upesi, kwa hiyo tunapasha joto chumba. Sawa. Kisha tunamfungia kwenye kitambaa kizito, tunamvalisha kofia ya sufi, tunamwekea taa karibu, na kusahau kwamba hita bado inawaka. Mguse kifuani au nyuma ya shingo. Viganja na nyayo vinaweza kuwa baridi hata kama mwili una joto zuri, lakini nyayo zikianza kuwa na rangi ya zambarau kwa sababu ya mkao au kitambaa kilichobana, mfungue na umnyooshe, hata kama picha ilikuwa inakaribia kuwa vile ulivyoitaka. Na miguu isinyooshwe kwa nguvu na kufungwa pamoja kama kifurushi. Nyonga za kichanga bado zinajijenga, zinahitaji nafasi ya magoti kujikunja na kwenda pembeni.

Halafu kuna kushtuka. Kila aliyekaa na kichanga anakijua: amelala kabisa, mfuniko wa lenzi unaanguka sakafuni, na ghafla mikono yote miwili inarushwa kando, mgongo unajipinda, mwili mzima unasogea. Mtoto aliyewekwa ndani ya kikapu chepesi anaweza kukipindua kwa mshtuko huo mmoja tu. Ndiyo maana kikapu hutiwa uzito chini kabla ya kutandikwa, stendi ya taa huwekewa mfuko wa mchanga kwenye miguu yake, na mtu mzima hukaa umbali wa mkono kutoka kwa mtoto, macho yakiwa kwa mtoto na si kwenye simu. Mwenye kamera hawezi kuwa mtu huyo. Jicho lake liko kwenye lenzi.

Jambo jingine halizungumzwi vya kutosha. Tunawalaza watoto kifudifudi ili picha ipendeze, kisha picha hiyo inatundikwa ukutani, juu ya kitanda chenyewe cha mtoto. Tangu mwaka 1992 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimekuwa kikishauri watoto wasilazwe kifudifudi, na leo ushauri ni kumlaza chali, kwenye godoro gumu lililo tambarare, bila mito wala midoli. Mzazi anayeondoka studio inafaa aambiwe waziwazi kwamba mkao ule ulikuwa wa dakika chache chini ya macho ya watu wazima, na kwamba nyumbani mtoto alazwe chali.

Kwa wazazi, nawasihi muulize kabla ya kulipa. Onyesha mojawapo ya picha za mpiga picha huyo na umwambie akueleze ilipigwaje na nani alikuwa amemshika mtoto. Anayejua kazi yake atakueleza kwa raha. Akibabaika, au akisema mtoto alikaa mwenyewe, tafuta mwingine. Uliza vitambaa vinafuliwa lini, na kama yeye akiamka na mafua atakuwa tayari kuahirisha. Kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati au ana manjano, mwone daktari kwanza. Picha itasubiri.

Uliza pia kikao kitachukua muda gani. Saa tatu au nne si nyingi, kwa sababu sehemu kubwa ya muda huo ni kunyonyesha, kubadili nepi na kubembeleza. Anayekupangia mikao kumi ndani ya saa moja itabidi amharakishe mtoto, na mtoto asiyetaka kukunjwa atakunjwa. Kwangu, mtoto akikataa mkao mara mbili, mkao huo umekwisha kwa siku hiyo. Tunampiga picha akiwa amelala chali, au amelazwa kifuani kwa mama yake, uso umegeuzwa pembeni na pua iko wazi, na wazazi wengi wakiletewa albamu huanza kuzichagua hizo.