Dawa ya mti ni dawa, basi na ipimwe

Hapa kwetu mtu akiambiwa ana kensa, kabla hajatulia nyumbani keshaletewa majani. Ya mstafeli hasa. Halafu habbasoda, manjano, mwarobaini, na ile chupa ya maji iliyojazwa dawa nyeusi isiyo na jina: kikombe asubuhi, kikombe jioni. Wanaoleta wana huruma ya kweli. Lakini mara nyingi chupa huja na sharti: "Bi mkubwa, usikubali kukatwa, uvimbe ukiguswa kisu hutawanyika." Sharti hilo ndilo linaloniuma, maana kivimbe cha ziwa ambacho kingetolewa mapema huachwa kikakua mpaka kikapasua ngozi.

Sisemi miti haitibu. Lile ua la pinki au jeupe la petali tano, linaloota uani bila kujali jua wala mchanga (wataalamu huliita Catharanthus roseus), limetoa dawa mbili kubwa za saratani. Asili yake ni Madagaska. Mwaka 1952 majani yake yalitumwa kutoka Jamaika, ambako watu waliyanywa kwa ajili ya kisukari, yakamfikia mtafiti Robert Noble kule Kanada. Panya waliopewa dawa ya majani hayo hawakushuka sukari. Zilizoshuka ni chembe nyeupe za damu, zile zinazozidi kupita kiasi kwa wengi wenye saratani ya damu. Noble na mkemia Charles Beer wakalifuatilia jambo hilo mpaka wakaipata vinblastini. Baadaye ikapatikana ndugu yake, vinkristini, ambayo hadi leo imo katika matibabu ya watoto wenye saratani ya damu. Paklitakseli nayo, inayotumika kwa saratani ya ziwa, ilitoka kwenye gamba la mti wa Marekani. Muundo wake ulitangazwa mwaka 1971, na ruhusa ya kuitumia kwa wagonjwa ikaja 1992.

Sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa ya kuichunguza dawa na kutafuta kipimo. Kwa kawaida vinkristini ya mtu mzima haizidishwi miligramu 2 kwa sindano moja. Ikizidi huharibu mishipa ya fahamu, na ikidungwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo, huua. Sufuria haiwezi kukupa kipimo hicho, kwa hiyo tafadhali asiende mtu kulichemsha lile ua.

Mstafeli je? Ni kweli viini vyake vimeua seli za saratani maabara. Lakini kuua seli kwenye kisahani ni jambo moja, na kumponya mtu mwenye ini, figo na damu inayozunguka ni jingine. Hakuna utafiti wa wagonjwa ulioonyesha kwamba majani hayo yanaponya saratani. Kule Guadeloupe, visiwa vya Karibi, watafiti wamehusisha ulaji mwingi wa mastafeli na unywaji wa chai ya majani yake na maradhi ya ubongo yanayofanana na Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Manjano nayo, tunayoisifu kila siku, kiini chake cha kurkumini kikinywewa huingia kidogo sana kwenye damu. Yatieni kwenye mchuzi, ni matamu.

Na si kila kitokacho mtini ni kheri. Popoo na tumbaku ya tambuu husababisha saratani ya mdomo, hilo limethibitishwa, na bado tunatiliana mkononi kwenye harusi. Anayetaka kinga ampeleke binti yake akachanjwe chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi; chanjo hiyo inatolewa nchini tangu 2018. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania.

Madaktari wetu nao nina neno nao. Mgonjwa wa Micheweni, Pemba, anayepewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ana bahari ya kuvuka, nauli ya kutafuta na watoto wa kuwaacha. Akifika akakaripiwa kwa sababu ya majani, siku ya pili ataficha. Na akificha, daktari atamwekea dripu bila kujua kuna kitu kingine ndani ya mwili huo, ilhali ziko dawa za miti zinazoongeza au kupunguza nguvu ya dawa za saratani. Balungi tu, tunda la kawaida, huvuruga dawa kadhaa. Anapopimwa presha na uzito, aulizwe kwa upole: "Mama, nyumbani unakunywa nini?" Akijibu, yaandikwe kwenye faili: mti gani, kiasi gani, tangu lini. Na ile chupa aambiwe aje nayo.