Bastola za Fataki za Mfukoni: Ushahidi wa Historia au Utukufu wa Silaha?

Bastola ya mfukoni iliyotengenezwa na Henry Deringer mjini Philadelphia katikati ya karne ya 19 inaenea kwenye kiganja cha mtu mzima. Ina mtutu mfupi na mnene, kitako cha mti wa mjozi kilichopinda kama kichwa cha ndege, na vipande vya aloi nyeupe vilivyochorwa nakshi kwa mkono. Ilibeba risasi moja tu, na kwa sababu hiyo mara nyingi iliuzwa kwa jozi. Wapo wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, kama kitu kilichobuniwa kifichwe mwilini hadi dakika ya kuua kinastahili kutafutwa, kusifiwa na kununuliwa kwa fedha nyingi kama kazi ya sanaa. Kwa maoni yangu kinastahili kukusanywa, lakini kama ushahidi wa historia. Na hapo ndipo ninapotofautiana na sehemu kubwa ya soko la vitu vya kale.

Ushahidi wenyewe unaanza mbali na mifuko ya watu wa mjini. Alexander John Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Belhelvie nchini Scotland, alikuwa mwindaji wa ndege, na alikerwa na bunduki za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, kwa kuwa mwako wa baruti kwenye kisahani kilicho pembeni mwa mtutu uliwashtua ndege kabla risasi haijawafikia. Mwaka 1807 alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mtambo uliotumia kemikali inayolipuka kwa kugongwa. Baadaye kemikali hiyo iliwekwa ndani ya kikofia kidogo cha shaba, yaani fataki, ambayo watu kadhaa walidai kuivumbua, akiwemo Joshua Shaw, Mwingereza aliyehamia Philadelphia na kupata hataza ya Marekani mwaka 1822. Fataki huvishwa kwenye chuchu ya chuma. Nyundo ikiigonga, moto hupenya kwenye tundu na kuifikia baruti. Kwa kuwa hapakuwa tena na baruti ya kumwagika kwenye kisahani wala kulowa kwa urahisi, silaha iliyokwisha kushindiliwa iliweza kukaa mfukoni kutwa nzima na bado ikategemewa. Kile kilichobuniwa kwa ajili ya mwindaji kikawa kimempa mtu wa mjini silaha ya siri.

Jamii ya Marekani ilikuwa imeanza kuihofia siri hiyo hata kabla ya fataki kuenea. Kentucky na Louisiana zilipiga marufuku kubeba silaha kwa kificho mwaka 1813. Georgia ilitunga sheria kali zaidi mwaka 1837, na mwaka 1846 mahakama ya juu ya jimbo hilo, katika kesi ya Nunn, ilibatilisha sehemu ya sheria hiyo, ingawa haikuondoa katazo la kuficha. Kwa hiyo anayedai kwamba ni sisi wa leo tunaowahukumu watu wa kale kwa vipimo vyetu hana hoja, maana walioishi na bastola hizi walibishana juu yake bungeni na mahakamani.

Tarehe 14 Aprili 1865, John Wilkes Booth alimpiga Rais Abraham Lincoln risasi ya kichwa kwa bastola ya Deringer ndani ya ukumbi wa Ford's Theatre mjini Washington, ambako silaha hiyo inaonyeshwa hadi sasa. Tangu siku hiyo jina la fundi yule limefungamana na mauaji, na wanaopinga ukusanyaji wanasema kwamba mnunuzi hulipia damu ile hata pale bastola aliyoinunua haihusiani nayo kabisa. Hoja hii ni nzito. Nimeona jinsi maelezo ya mnada yanavyomtaja Lincoln katika sentensi ya kwanza kwa bastola ambayo mmiliki wake wa kwanza hajulikani, na sioni jina jingine la kuupa mtindo huo isipokuwa upotoshaji.

Hata hivyo, wakusanyaji makini ndio walioifanya kazi ngumu ya kutenganisha bastola za kweli na za kuiga. Soko la California, lililokua baada ya watu kumiminika huko kutafuta dhahabu mwaka 1849, liliwavutia waigaji wengi. Kampuni ya Slotter ya Philadelphia ilitengeneza nakala, na fundi cherehani aliyeitwa John Deringer aliazimisha jina lake ili lipigwe chapa kwenye bastola ambazo hakuzitengeneza yeye. Henry Deringer alimshtaki mfanyabiashara Plate wa San Francisco, na Mahakama ya Juu ya California ikampa ushindi mwaka 1865, mwaka uleule wa kifo cha Lincoln, kwa uamuzi unaokumbukwa katika sheria ya alama za biashara. Historia hii ya viwanda, wizi wa jina na haki ya fundi imeandikwa kwenye chuma chenyewe, katika chapa ya mtambo na ya juu ya mtutu.

Kuhusu hatari, Uingereza inaruhusu kumiliki silaha za kale kama pambo au kumbukumbu, na mwaka 2021 ilikaza masharti kwa kanuni mpya zilizoondoa aina kadhaa za risasi kwenye orodha ya zilizopitwa na wakati. Kanuni hizo zililenga hasa bastola zinazotumia risasi za ganda, yaani zenye risasi, baruti na fataki pamoja, na tofauti hiyo ni ya haki, kwa kuwa bastola ya kushindilia kama ya Deringer hupiga mara moja na kuijaza tena huchukua muda. Lakini msomaji wa Tanzania hahitaji kuambiwa kwamba silaha ya kushindilia si maiti: magobore bado yanawaua tembo na watu. Anayepokea bastola kama hii aanze kwa kupitisha kijiti cha mti ndani ya mtutu na kulinganisha kina chake na urefu wa nje, maana nyingine zimekaa na baruti na risasi zao kwa zaidi ya karne.

Kinachonisikitisha zaidi ni usafishaji. Mnunuzi hupenda chuma kinachong'aa, basi muuzaji husugua kutu hadi herufi za chapa zinapotea na kuupaka mti vanishi mpya. Mwaka 1997, ulipozuka uvumi kwamba bastola ya Booth iliibwa na kubadilishwa, maabara ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, iliitambua kuwa halisi kwa kulinganisha alama za chuma chake na zile za picha zake za zamani. Kama mtunzaji mmoja angeisugua baada ya picha hizo kupigwa ili ipendeze, alama hizo zisingekuwepo, na uvumi ule usingepata jibu.